SOMO: Mtoto mwenye usonji kuvaa suruali mwenyewe (tunaanzia mwisho)

Hii inatoka kwenye tiba ya tabia, ile wanaita ABA. Tafuta suruali ya mpira kiunoni, iwe pana kidogo, zile za zipu na kifungo weka pembeni kwanza.

Hatua ya 1: Vunja kazi vipande. Mguu wa kwanza, wa pili, vuta mpaka magotini, simama, vuta mpaka kiunoni. Andika ubandike ukutani, maana wewe ukifundisha hivi na bibi yake vile mtoto anavurugwa.

Hatua ya 2: Mfanyie vyote isipokuwa cha mwisho. Mvalishe mpaka mapajani, simama NYUMA yake, sema "vuta" mara moja basi, usianze hotuba, weka mikono yako juu ya yake muivute suruali pamoja. Watu wengi wanaanzia mguuni, mtoto anachoka kabla hajaona matunda, kwa njia hii anamaliza yeye kila siku.

Hatua ya 3: Suruali ikifika kiunoni tu, zawadi papo hapo, sio baada ya chai. Kipande cha biskuti, kurushwa juu, chochote anachopenda YEYE, na asikipate bure siku nzima la sivyo hakina kazi.

Hatua ya 4: Punguza msaada. Toka mikononi nenda kwenye kiwiko, halafu unamgusa tu, halafu kidole kinaonyesha. Akiweza siku kadhaa mfululizo mwachie suruali magotini, ndo unarudi nyuma hivo kipande kwa kipande.

MASWALI

Mama Jay: hiyo zawadi si rushwa jamani?
Jibu: Rushwa ni ile unampa anapiga kelele ili anyamaze 😄 Hii anapata akishafanya, na akizoea unaipunguza, sifa unabaki nazo.

Baba Twins: nimesoma ABA ni mateso, kweli?
Jibu: Zamani ilikuwepo hiyo. Mwanasaikolojia Lovaas kule Marekani miaka ya 60 alitumia hadi shoti za umeme, na utafiti wake wa 1987 wa kufundisha watoto masaa 40 kwa wiki bado ulikuwa na kofi la paja. Watu wazima wenye usonji wameilalamikia sana na mi naona wana haki. Adhabu hapa hakuna, na akirusharusha mikono kwa furaha mwache.

Bi Mwana: wangu hataki kushikwa kabisa
Jibu: Usimlazimishe dada. Kaa mbele yake uvute ya kwako akuone, au mwonyeshe picha. Akilia acha, mjaribu jioni kabla ya kulala, asubuhi mna haraka wote.