Spitfire au Hurricane? Namna ya kuisoma picha ya zamani

Unapotofautisha ndege hizi mbili za kivita za Uingereza za Vita vya Pili vya Dunia, usianze na rangi. Filamu za othokromatiki (za nyeusi na nyeupe, zisizohisi mwanga mwekundu) hufanya njano ionekane nyeusi, hivyo duara la nje, la njano, la nembo ya Uingereza hupotosha wengi. Tazama rejeta, yaani kipoza injini: ya Hurricane iko tumboni, katikati, ya Spitfire iko chini ya bawa. Magurudumu ya Spitfire yamekaribiana na hukunjwa kuelekea nje. Ya Hurricane yameachana, hukunjwa ndani. Kisha kuza picha nyuma ya rubani. Ukiona mistari ya mbavu chini ya kitambaa, hiyo ni Hurricane, hata kama mabawa hayaonekani.

Herufi zilizo kwenye ndege zikisomeka kinyume, negativu (filamu iliyochapishwa picha) iligeuzwa. Irekebishe kwanza, maana Spitfire za mwanzo zina rejeta bawa la kulia tu. Kushoto kuna kipoza oili chembamba. Vifaa vya chini ya mabawa vikilingana pande zote mbili, huenda ni Mk IX, toleo la baadaye la Spitfire.