Namba ya toleo aiandike Git, si mimi

Karani wa ghala la korosho alinipigia simu: programu haipunguzi uzito wa gunia tupu. Nikamuuliza, "Hiyo ni toleo gani?" Akasoma: 1.3.2. Kwangu nako 1.3.2, na uzito wa gunia unapunguzwa vizuri tu. Tulihangaika mpaka jioni. Kumbe yake ilikuwa ya wiki mbili nyuma; nilirekebisha hesabu nikasahau kupandisha namba. Na namba yenyewe nilikuwa nimeiandika mahali patatu!

Siku hizi kazi hiyo naiachia setuptools-scm, zana ya Python inayosoma namba ya toleo kutoka Git, programu inayotunza historia ya msimbo. Fungua pyproject.toml, faili la mipangilio ya mradi, futa mstari wa version, uache hivi:

```
[build-system]
requires = ["setuptools>=80", "setuptools-scm>=8"]
build-backend = "setuptools.build_meta"

[project]
name = "mizani-ghala"
dynamic = ["version"]

[tool.setuptools_scm]
```

Kichwa kile cha mwisho hakina kitu chini yake, lakini usikifute.

Kisha weka tagi, yaani jina unalolibandika kwenye komiti (badiliko lililohifadhiwa ndani ya Git):

```
git tag -a v1.4.0 -m "Toleo 1.4.0"
git push origin v1.4.0
```

Amri ya pili ndiyo inayosahaulika, maana git push ya kawaida haibebi tagi.

Sasa andika `python -m setuptools_scm`. Ukiwa juu ya tagi hiyo na hujagusa faili, unapata 1.4.0. Ongeza komiti tatu, utaona kitu kama 1.4.1.dev3+g5e1c9a2: hatua tatu baada ya 1.4.0, safari ya kwenda 1.4.1, na baada ya g ni alama ya komiti yenyewe. Kama kuna mabadiliko hujayakomiti, mwishoni hubandikwa tarehe. Mimi tarehe hiyo hunisuta kila Ijumaa.

Ndani ya programu usiandike namba popote. Kuanzia Python 3.8 inatosha:

```
from importlib.metadata import version
print(version("mizani-ghala"))
```

Pale nilipojikwaa ni kwenye GitHub Actions, huduma ya GitHub inayonijengea kifurushi yenyewe. Hatua ya checkout, ile ya kuleta msimbo, huchukua komiti moja tu, bila tagi, basi kifurushi changu kikatoka na jina 0.1.dev1, kama vile mradi umezaliwa jana. Weka `fetch-depth: 0` kwenye hatua hiyo. Ukijenga ndani ya Docker, kasha la kuendeshea programu, ambako mara nyingi folda ya .git (yenye historia ya Git) haiingii, ipe zana namba wewe mwenyewe kwa kigezo cha mazingira SETUPTOOLS_SCM_PRETEND_VERSION. Nayo PyPI, hazina ya mtandaoni ya vifurushi vya Python, haipokei toleo lenye alama ya kujumlisha, kwa hiyo mimi napandisha nikiwa juu ya tagi tu. Anayetaka kupandisha matoleo ya katikati aweke `local_scheme = "no-local-version"` chini ya kile kichwa kitupu.

Juzi karani kapiga tena. Safari hii nilimwambia anisomee herufi baada ya g, nikaandika git show, na kabla hajamaliza kulalamika nilikuwa nautazama mstari wenye kosa. Wangu, bila shaka.