Ukijisikia mara mbili kwenye simu

Ukisikia maneno yako yanakurudia, usihangaike na simu yako. Mara nyingi shida iko upande wa pili, kwa unayeongea naye: sauti yako inatoka kwenye spika yake, inaingia kwenye maikrofoni yake, inakurudia. Mwombe apunguze spika, au avae spika za masikioni. Hapo mwangwi hukatika papo hapo.

Kwetu Lamu, nyumba za mawe huzidisha mwangwi. Kuta za matumbawe zilizopakwa chokaa hazimezi sauti, zinairudisha. Mama alikuwa akiilaza simu mezani, sakafu tupu. Sasa anaiweka juu ya mto, karibu na pazia zito na mkeka, namsikia vizuri hata akinong'ona. Mkiwa wawili chumba kimoja kwenye mkutano mmoja wa mtandaoni, mmoja azime maikrofoni na spika.