Mtoto wa mbwa mbishi anafundishika, weka fimbo chini ushike dagaa

Wadau mnaofuga mbwa, hasa nyie mliochukua mtoto wa mbwa juzi juzi na saivi mnajuta kwa sababu anang'ata miguu ya watoto, anashusha nguo kwenye kamba, anarukia kila anayepita na ukimwita anakuangalia tu afu anaenda zake, hii nimewaandikia nyie. Mi niko Ujiji hapa Kigoma. Wangu anaitwa Tomi, nilimchukua Kasulu akiwa na miezi miwili, baba yake Jemani shepadi na mama yake mbwa wetu wa kawaida wa kijijini, na wiki za mwanzo kwakweli nilikuwa nimeshaanza kutafuta mtu wa kumpa.

Kilichonifanya niamke ni hiki. Jirani yetu, mzee wa watu, alikuwa anaenda kuswali magharibi, kashachukua udhu wake, kanzu nyeupe, geti letu lilikuwa wazi kidogo tu na Tomi akachomoka kama mshale akamrukia mpaka kifuani akamlamba mkono. Yule mzee hakunitukana. Aligeuka tu akarudi kwake, na wanaojua wanajua, mate ya mbwa yakigusa nguo inaoshwa mara saba na moja ni kwa udongo, kwahiyo swala ya jamaa msikitini ilimpita ile siku. Niliumia sana. Mtaa kama wetu ukifuga mbwa huwezi kusema "ndo alivyo", ni lazima ujue namna ya kuishi na watu.

Ushauri niliopewa baada ya hapo ndo ule ule mnaoujua wote: mchape, mfunge mnyororo kutwa, mpe pilipili awe na adabu. Nilimchapa kwa ndala siku kama nne hivi. Unajua nilichopata? Kurukia watu hakuacha, ila nikimwita akawa haji tena, anajikunyata chini ya ngazi, na mkono wangu ukisogea karibu na sahani yake ananguruma. Yani nilimfundisha kitu kimoja tu, kwamba mkono wangu ni hatari. Zile siku nne zilinichukua miezi miwili kuzifuta, kwahiyo kama hujaanza kumpiga nakuomba usianze.

Sasa tuelewane kwenye ubishi. Mtoto wa mbwa hakai akapanga kukukomoa, na zile habari za kwamba anataka kuwa bosi wa nyumba zilitokana na mbwa mwitu (wale wanaoitwa wolf, sio mbwa mwitu wa mbugani kwetu) waliokuwa wamefungiwa pamoja bila kuwa ndugu, mtafiti wa Marekani L. David Mech mwaka 1999 aliandika wazi kwamba porini kundi la mbwa mwitu ni familia tu, baba na mama na watoto wao. Mbwa anarudia kile kinachomlipa. Akirukia mtu, mtu anapiga kelele, anamsukuma, watoto wanakimbia, kwake ni sherehe hiyo, kalipwa. Akivuta kanga kwenye kamba na wewe ukamkimbiza, kalipwa tena. Tunayemwita mbishi mara nyingi ni yule ambaye halipwi mara ya kwanza wala ya pili lakini anaendelea mpaka alipwe, na hiyo hiyo roho ya kutokata tamaa ndo itakusaidia ukishajua kumlipa kwa mambo mazuri.

Ila kabla ya mafunzo yoyote nenda kwa afisa mifugo wa kata yako. Mbwa mwenye minyoo tumbo limejaa au kupe masikioni hana utulivu wa kujifunza chochote. Chanjo ya kichaa cha mbwa anachomwa akifika miezi mitatu afu kila mwaka, usiruke. Na hili naomba lishike kichwani: akimng'ata mtu na ngozi ikachubuka, hata kama ni kidogo, hata kama ni kijibwa cha kuchezea, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima afu nendeni hospitali siku hiyo hiyo, maana kichaa cha mbwa dalili zikishaanza kwa binadamu kupona ni karibu haiwezekani.

Haya tuje kwenye malipo, na hapa sisi wa Kigoma tumebarikiwa. Dagaa. Nunua wakavu wasiotiwa chumvi, kung'uta mchanga vizuri, dagaa mmoja mkate vipande viwili au vitatu, weka kwenye kimfuko kiunoni. Harufu ya dagaa mbwa anaisikia kutoka mbali na kipande kidogo hakimshibishi, kwahiyo unaweza kumlipa mara ishirini kwa siku bila kumharibia chakula. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa watu wasivue toka katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti na dagaa wakawa wa kutafuta, watu walitumia maini ya kuchemsha na hata muhogo uliochemshwa vizuri ukakatwa vidogo, inafanya kazi. Usimpe kitu chenye vitunguu, na mfupa uliopikwa usimpe kabisa kwa sababu unapasuka vipande vyenye ncha, na gunzi la hindi pia liweke mbali, wakilimeza linaziba utumbo.

Malipo yana kanuni moja ngumu nayo ni muda. Akifanya jambo zuri una sekunde moja au mbili tu, ukichelewa umelipa kitu kingine. Ndo maana unakuwa na neno, mi natumia "safi", unalitamka pale pale tako lilipogusa chini, afu mkono ndo unaenda kwenye dagaa. Neno liwe moja kwa watu wote wa nyumba. Wewe ukisema safi, mkeo akasema gudi, mtoto akasema haya haya, mnamchanganya.

Tuanze na kung'ata maana ndo kinachowatesa wengi. Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utotoni, membamba kama sindano, na akifikisha kama miezi minne yanang'oka yanaota ya kikubwa 42, kazi hiyo inaenda mpaka afikishe karibu miezi saba na fizi zinamuwasha muda wote. Kwahiyo kutafuna atatafuna tu, swali ni atatafuna nini. Chukua kipande cha gunia au kitambaa kizito, kifunge mafundo, kilowanishe maji ya baridi umpe, ila uwepo unamwangalia asije akameza nyuzi. Akikung'ata mkono usiuvute kwa kasi, ukivuta anaona ni mchezo wa kukimbizana. Uache mkono utulie, nyamaza, simama, mgeuzie mgongo kama nusu dakika, hakuna kuongea hakuna kumwangalia, afu rudi mcheze tena kwa utulivu na umpe lile gunia. Anajifunza kwamba jino likigusa ngozi mchezo unakufa.

Watoto wa nyumbani niliwafundisha mchezo tunauita mchikichi. Tomi akianza kuwarukia mtu anasimama wima kama mchikichi, mikono kakunja kifuani, macho juu kwenye makuti, hapigi kelele hakimbii. Siku ya kwanza walikuwa wanacheka mno na haikufanya kazi, siku ya tatu ikashika. Watoto wakiacha kukimbia nusu ya tatizo la kung'ata miguu linaisha lenyewe. Ila mtoto mdogo kabisa usimwache peke yake na mbwa hata dakika moja, huo mchezo sio wa mtoto wa miaka miwili.

Afu kuna kitu watu hawakijui, usingizi. Mtoto wa mbwa anatakiwa alale masaa 18 mpaka 20 kwa siku. Wetu wanalala saa ngapi kwenye uwanja wenye watoto saba na redio? Ile saa kumi na mbili jioni anapozunguka nyumba kama kapandwa na mashetani, anang'ata kila kitu, mara nyingi kachoka, kama mtoto wa binadamu anavyolia akitaka kulala. Mpeleke kwenye banda lake penye kivuli na kimya, mwachie kitu cha kutafuna, atazimika.

Kurukia watu sasa. Fundo la kamba kwenye mwembe, Tomi kafungwa kamba kama mita mbili, mtu mmoja anamsogelea taratibu. Miguu yote minne ikiwa chini, "safi", dagaa anarushwa chini kwenye ardhi, sio mkononi, maana ukimpa juu atapanda juu. Akiruka, mtu anarudi nyuma hatua mbili bila kusema neno. Anasogea tena. Mara kumi, dakika tatu, mnaacha, jioni mnarudia. Mtoto wa mbwa hawezi darasa la nusu saa, ukimlazimisha atakuchukia wewe na dagaa wako. Akishatulia unamfundisha kukaa: dagaa mbele ya pua, unaupandisha mkono taratibu kuelekea nyuma ya kichwa, pua inafuata juu na tako linashuka lenyewe. Safi. Usimsukume kiuno. Neno "kaa" lilete baadae akishakuwa anakaa kila ukipandisha mkono, na likizoeleka, geti halifunguliwi mpaka kakaa, sahani haiwekwi mpaka kakaa.

Na jiandae, itakuwa mbaya zaidi kabla haijawa nzuri. Siku ya nne Tomi aliruka kuliko siku zote, akabweka, akavuta nguo, kwa sababu kitu kilichokuwa kinamlipa kimeacha kulipa na yeye anajaribu kwa nguvu zaidi, kama wewe unavyogonga mlango uliozoea kufunguka. Hapo ndo wengi wanasema hii njia haifai wanachukua fimbo, au wanamhurumia wanampa anachotaka. Ukilegea siku hiyo umemfundisha kwamba akizidisha anapata. Kwetu aliyeharibu ni mjomba mmoja anayependa kurukiwa, anampigia mapaja "njoo njoo", nilimweleza kwa heshima kwamba mjomba, wewe una suruali ya kazi lakini yule mzee ana kanzu, Tomi hajui tofauti. Alinielewa.

Kwa ajili ya yule mzee niliongeza kitu. Nilitandika gunia karibu na ukuta, mbali na geti, na kila adhana ikianza natoka nampeleka pale, akilala namlipa kidogo kidogo mpaka watu wapite. Kama wiki tatu hivi akawa akisikia adhana anaenda mwenyewe. Ni kitu kile kile alichokionyesha Pavlov, yule Mrusi aliyepata Nobel mwaka 1904, mbwa wanatokwa mate kabla hata chakula hakijafika kwa sababu wameshajua nini kinakuja baada ya nini. We tumia sauti yoyote ya mtaani kwako, kengele ya shule, geti, honi ya bodaboda.

Kumwita: usimwite ili umgombeze na usimwite kila siku ili umfunge tu. Kati ya mara kumi unazomwita, mara tisa mpe dagaa umwachie aendelee kucheza. Taja jina mara moja. Mi nilikuwa nampeleka ufukweni asubuhi na kamba ya manila ya mita kumi, mbali na wanakoanika dagaa maana kule ni ugomvi na watu, akienda mbali namwita, akigeuza shingo tu, safi, narudi nyuma mbio naye ananifuata.

Kunguruma kwenye sahani usimpige. Kunguruma ni taarifa, ukimzuia asitoe taarifa siku moja atang'ata bila taarifa. Pita pembeni, umbali ambao hajakaza mwili, rusha kipande kitamu kuliko alichonacho, ondoka. Kila siku. Baada ya muda anaona mkono ukija unaleta, hauchukui. Watoto wasikaribie kabisa wakati huo, na kama ameshamng'ata mtu kwa ajili ya chakula mwone daktari wa mifugo, usijaribu peke yako.

Haja ndogo sio ishu kubwa: mtoe akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza, akikojoa nje mlipe pale pale. Akikojoa ndani safisha unyamaze.

Mnyororo kutwa nzima eti awe mkali, hapana. Anakuwa anabwekea kila kitu, mbuzi, mvua, wewe mwenyewe, na mwizi akija huwezi kumtofautisha na kuku. Mlinzi mzuri ni yule aliyewaona watu wengi akiwa mdogo akajua kawaida ni ipi. Muda wenyewe wa kumzoesha watu ni mfupi, wiki ya tatu mpaka kama ya 14 toka azaliwe, kwahiyo kabla chanjo hazijakamilika mbebe kwenye kapu mpaka sokoni Mwanga aone watu na pikipiki, usimshushe chini wanakopita mbwa wa mtaani kwa sababu ya parvo, ule ugonjwa wa kuharisha unaoua watoto wa mbwa.

Na akifika miezi sita na kuendelea atasahau, balehe hiyo, usiogope. Tomi saivi ana miezi kumi na wiki iliyopita kaanza tena kurukia wageni. Nimerudisha kamba kwenye mwembe, dagaa wako kiunoni, leo ni siku ya tano na jana jioni yule mzee alisimama getini kunisalimia, Tomi akakaa.