Kabla hujamshusha farasi wa Ngong huku Malindi

Farasi wa mbio anayestaafishwa kwenye uwanja wa Ngong, Nairobi, mara nyingi bado ni kijana. Ana miaka mitano, sita au saba, na akitunzwa vizuri anaweza kufika 25. Bei yake ikianguka, mtu mwenye kiwanja karibu na bahari huona biashara ya kuwapandisha wageni ufukweni. Kununua ni rahisi, tena ni rahisi mno. Yafuatayo yatengenezwe kabla lori halijang'oa nanga.

Anza na miguu. Usinunue kwa picha ya simu. Mlipe daktari wa mifugo anayewajua farasi apapase kano za nyuma ya miguu ya mbele, zile zinazoshuka kutoka gotini hadi kwenye kifundo. Kano iliyowahi kuchanika huacha uvimbe uliobinuka kama ndizi. Kama uvimbe ni wa baridi na farasi hashtuki ukiubinya, anaweza kufanya kazi ya mwendo wa pole kwa miaka. Kama una joto, huyo anataka mapumziko ya miezi 9 hadi 12, na muuzaji anajua. Hata mzima, usimkimbize kwenye mchanga laini wa juu, maana hakuna kinachovuta kano kama ule. Mtembeze maji yakikupwa, kwenye mchanga mgumu uliolowa. Maana yake ratiba yako itafuata bamvua na maji mafu, wageni watake wasitake.

Msimu: usimlete wakati wa kaskazi. Ngoja kusi ishike, Julai au Agosti, masika yamepita na hewa imepoa kidogo.

Chanjo ya ugonjwa wa farasi wa Afrika ikamilike wiki kadhaa kabla ya safari, wala isiwe siku ya kupakia. Virusi vyake huletwa na usubi, na farasi wasio na kinga wanaweza kufa hata tisa kati ya kumi. Usubi huuma magharibi na alfajiri, kwa hiyo farasi aingie bandani kabla jua halijazama na asitoke mpaka limepanda. Kupe watazamwe kila siku masikioni, chini ya mkia na kati ya mapaja. Ukiona ufizi umepauka au umekuwa wa manjano, na mkojo umegeuka mwekundu, piga simu saa hiyo hiyo. Kama kiwanja chako kiko upande wa msitu wa Arabuko-Sokoke, uliza kwanza habari za mbung'o.

Safari ya kutoka Nairobi ni kilomita 600 hivi, na joto la Voi halina mchezo. Kamba ya kichwa isifungwe fupi. Farasi asiyeweza kuinamisha kichwa hawezi kutoa makohozi na vumbi la nyasi, na hufika na homa ya mapafu. Simama kila baada ya saa nne, mlegeze ainame, mpe maji. Kibali cha kusafirisha mifugo kiwe mkononi mwa dereva, kisiachwe nyumbani.

Maji ya visima vingi karibu na pwani yana chumvichumvi, na farasi wa bara huyanusa akageuka. Asiponywa, kinyesi hukauka tumboni, kisha msokoto. Njoo na mapipa ya maji aliyoyazoea, uyachanganye na ya kisima kidogo kidogo kwa wiki nzima. Ahesabiwe ndoo: lita 30 kwa siku ni kiwango cha chini, na kwenye joto huweza kuzidi 50. Saisi, yaani mtunza farasi, anayesema "amekunywa" bila kutaja ndoo ngapi hajasema kitu.

Chakula cha mbio ni moto: oti na nafaka nyingine kilo tano au zaidi kwa siku. Ipunguze polepole kwa siku 10 hadi 14, huku ukiongeza nyasi kavu. Farasi wa kilo 450 anataka kama kilo 9 za nyasi kavu kila siku, sawa na beli 18 za kilo 15 kwa mwezi. Ziweke juu ya mbao, mbali na sakafu, kwa sababu unyevu wa huku huotesha ukungu haraka. Na mahindi yenye ukungu usimpe hata kiganja. Ng'ombe anaweza kustahimili, lakini sumu ya ukungu ule huozesha ubongo wa farasi. Chakula cha kuku nacho kikae mbali na ndoo zake, hata koleo lisishirikiwe, maana dawa inayowekwa humo kuzuia kuhara damu ya kuku inaweza kuusimamisha moyo wa farasi. Kagua pia bustani ya jirani na ya hoteli: oleanda, lile ua zuri la rangi ya waridi, ni sumu kali, na majani machache tu yanatosha kuua.

Sasa jasho, ambalo ndilo linalowaangusha hata waliofanya yote hayo.

Farasi hujipoza kwa jasho. Akifanya kazi kwenye joto anaweza kupoteza lita 10 kwa saa, pamoja na chumvi nyingi. Wiki za kwanza Malindi anatoka jasho mpaka linachuruzika tumboni, na mwenye farasi anafurahi: amezoea! Wiki zinapita. Siku moja saisi anasema kwa fahari kwamba siku hizi huyu hachafui tandiko, anarudi mkavu. Hapo ndipo pa kushtuka. Mpitishie mkono: chini ya tandiko kuna unyevu kidogo, labda na chini ya singa za shingo, kwingine kote ngozi ni kavu na ina moto kama bati la saa nane. Pua zimetanuka, mbavu zinapiga kama mvukuto hata baada ya nusu saa ya kupumzika. Hesabu pumzi kwa dakika moja. Farasi aliyetulia hupumua mara 8 hadi 16, huyu utamkuta kwenye 60. Kipimajoto cha mkunduni kitaonyesha 40 au zaidi, wakati kawaida ni 37.5 hadi 38.5. Baadaye manyoya ya usoni hunyonyoka na hamu ya kula hupungua. Watu husema ni mvivu, wakamchapa, naye akaanguka.

Tezi za jasho zimechoka kwa kuamriwa kufanya kazi mchana na usiku bila nafuu ya baridi. Hakuna dawa iliyothibitika kuzirudisha. Wapo wanaowapa bia nyeusi. Bia hiyo afadhali wangekunywa wenyewe. Kinachosaidia ni kivuli cha makuti marefu yanayopitisha upepo, feni, chumvi ya kawaida vijiko viwili vikubwa katika chakula kila siku, na kazi kuisha kabla ya saa mbili asubuhi. Akipanda joto mwagie maji mwili mzima, ndoo juu ya ndoo, bila kusita, mpaka pumzi zishuke. Habari kwamba maji ya baridi yatamkamata misuli zipuuzie. Wengine hawaponi mpaka warudishwe bara kwenye baridi. Ndiyo maana mkataba na muuzaji uandikwe mapema: nani anampokea akirudi, na lori la kurudi analipa nani. Fedha ya lori hilo iwe imetengwa tangu siku ya kununua.

Mchanga wenyewe ni adui mwingine. Farasi anayelishwa chini huumeza kila siku, nao hulala kwenye utumbo mpaka uzibe. Lisha kwenye hori au juu ya mkeka wa mpira unaofagiwa. Kila wiki chukua mafundo sita ya kinyesi kipya ambayo hayajagusa ardhi, tia kwenye ndoo ya maji, vuruga, acha dakika 15, kisha mwaga taratibu. Ukikuta kijiko kizima cha mchanga chini, muone daktari kabla farasi hajaanza kujigaragaza.

Rafiki lazima awepo, kwani farasi wa mbio hajawahi kuishi peke yake. Punda anafaa sana, ila kwanza apewe dawa ya minyoo ya mapafu. Punda hubeba minyoo hiyo bila hata kukohoa, kisha farasi ndiye anayekohoa miezi.

Kuhusu kupanda: huyu alifundishwa kwamba hatamu zikikazwa ndipo aegemee lijamu na kuongeza kasi. Mgeni akiogopa huvuta, naye huondoka. Ufuo mpana mbele yake anauona kama uwanja. Mpe miezi mitatu ya mafunzo mapya uani, ajifunze kusimama tuli wakati wa kupandwa, kabla hajaona bahari. Viatu vyepesi vya mbio ving'olewe, kwato zikatwe kila wiki nne hadi sita, na fundi wake umpate kabla ya farasi, kwa sababu huwezi kumwokota barabarani.

Mengine utayaona ukifika. Tuk-tuk. Mbwa wa ufukweni. Vitambaa vya wauza leso vinavyopepea. Fataki za mwaka mpya hotelini, usiku ambao mtu lazima alale bandani. Namba ya daktari iandikwe ukutani kwa chokaa, maana simu ya saisi huwa haina chaji.