Kabla ya Kuezua Bati la Zamani

Gharama ya kuezeka upya hukadiriwa kwa eneo la paa lenyewe, wala si kwa eneo la sakafu, na hapo ndipo wenye nyumba wengi hukosea hesabu. Nyumba ya mita 10 kwa 12 ina sakafu ya mita za mraba 120. Ukiongeza upenu wa sentimita 60 kila upande, na paa likiwa na mwinamo wa nyuzi 30, utafunika takriban mita za mraba 171, kabla ya kuhesabu mapishano ya bati na vipande vinavyokatwa kwenye kona.

Dukani, ulizia geji, yaani kipimo cha unene wa bati, kabla ya rangi: geji 28 ni nene kuliko geji 30.

Kinachovuruga bajeti zaidi ni mbao. Bati likishaezuliwa, mwambie fundi achome kila kenchi kwa ncha ya bisibisi, hasa pale inapokalia ukuta. Ncha ikizama kirahisi, mchwa au unyevu umeshaila mbao hiyo. Bati kuukuu nalo lina thamani, kwa hiyo fundi akilitaka, thamani hiyo ikatwe kwenye ujira wake.