Somo: Kuchagua kamera ya video ya safari za nje kwa bajeti ndogo

Wengi wakitafuta kamera ya safari huuliza kwanza kama ina 4K, yaani video yenye pikseli (nukta za picha) nyingi. Nawaomba swali hilo mliweke mwisho. Video nyingi za safari hazishindikani kutazamika kwa uchache wa pikseli. Zinaharibiwa na mtikisiko, na upepo unaomeza maneno, na betri inayokata kabla ya kufika kileleni. Mwenye pesa kidogo aanze na hayo matatu.

Hatua ya 1: Jua kamera itakaa wapi

Je, itafungwa kifuani ukiendesha baiskeli? Utaishika mkononi ukitembea? Au itakaa juu ya tripodi ukisubiri ndege atue? Jibu lako ndilo litakalokuchagulia aina.

Kamera ndogo za michezo, kama GoPro na DJI Osmo Action, zimeundwa kufungwa mwilini. Zinaona eneo pana, zinavumilia vumbi, na nyingi huingia majini bila kasha. GoPro HERO5 Black ya mwaka 2016, kwa mfano, inashuka hadi mita 10. Kasoro yake ni kwamba lenzi haivuti, kwa hiyo mnyama aliye ng'ambo ya bonde atatokea kama nukta.

Kamkoda, yaani kamera ya video ya kushika mkononi, inavuta mbali na inashikika vizuri, ila nyingi za bei nafuu zina sensa (kipande kinachopokea mwanga) ndogo, na jua likizama picha hujaa chengachenga. Kamera ndogo ya picha yenye sensa ya inchi 1 hufanya vizuri zaidi jioni. Sensa hiyo ina milimita 13.2 kwa 8.8, eneo kama mara nne ya ile ya inchi 1/2.3 iliyozoeleka kwenye kamera za michezo. Lakini nyingi za aina hii huogopa maji na mchanga, na ukishapata mchanga kwenye lenzi inayochomoza, matengenezo yake ni ghali.

Hatua ya 2: Pima utulivu wa picha

Hapa ndipo ningependa mkae zaidi. Kuna njia mbili za kutuliza picha. Ya kwanza ni ya kimwili: vioo vya lenzi au sensa yenyewe husogea kufidia mkono unaotetemeka. Ya pili ni ya kielektroniki: kamera hukata kingo za picha, kisha husogeza kilichobaki ili kitulie.

Njia ya kielektroniki imepiga hatua kubwa, hasa tangu GoPro ilipoleta HyperSmooth, mfumo wake wa kutuliza picha, kwenye HERO7 Black mwaka 2018. Mchana unaweza hata kukimbia nayo. Tatizo huja mwanga unapopungua. Kila fremu, yaani kila picha moja ya video, huhitaji muda mrefu zaidi kukusanya mwanga, na mtikisiko wa ndani ya muda huo huandikwa kwenye fremu yenyewe kama ukungu. Kamera inaweza kuisogeza fremu hiyo, lakini kuufuta ukungu haiwezi. Kwa hiyo usiamini video za majaribio zilizopigwa saa sita mchana. Tafuta mtu aliyetembea na modeli hiyo msituni au jua likizama, uamue kwa hiyo.

Hatua ya 3: Sauti

Hakikisha kamera ina tundu la maikrofoni. Baadhi ya kamera za michezo huhitaji adapta inayouzwa pembeni, basi ijumlishe kwenye bei kabla ya kulinganisha. Maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo, yenye kifuniko cha manyoya, itakusaidia kwenye upepo kuliko kubadilisha kamera. Ukiweka kamera ndani ya kasha la maji, sauti itazibwa. Panga kurekodi maelezo baadaye.

Hatua ya 4: Betri na kadi

Chagua kamera ambayo betri yake inachomoka, kisha nunua ya akiba. Baridi hupunguza nguvu ya betri za lithiamu, hivyo mlimani ya akiba ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Kadi iwe na alama ya V30, maana yake haishuki chini ya megabaiti 30 kwa sekunde wakati wa kuandika. Fanya hesabu mapema: kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde (biti nane ni baiti moja) hula gigabaiti 45 kwa saa, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 64 haifikishi saa moja na nusu. Kadi bandia ni nyingi. Ijaze mpaka pomoni nyumbani, kisha tazama kama video zote zinafunguka.

Hatua ya 5: Sasa 4K

4K ina pikseli mara nne ya HD ya 1920 kwa 1080. Faida yake kubwa ni kwamba unaweza kukata kipande cha picha baadaye bila kuiharibu. Gharama yake ni joto, chaji, nafasi ya kadi na kompyuta yenye nguvu. Kama kompyuta yako inakwama kwenye uhariri, HD iliyotulia inakutosha.

Kwenye kugawa pesa, mimi hutenga theluthi nzima kwa betri, kadi, maikrofoni na tripodi, kisha natafuta modeli ya kizazi kilichopita inayoingia kwenye kilichobaki.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, shukrani kwa somo. Simu yangu inapiga video nzuri tu. Kuna haja ya kamera?

Jibu: Kama unatembea kwa miguu tu, anza na maikrofoni, tripodi ndogo na pawabenki. Ila kumbuka kuwa safarini simu ndiyo ramani yako na ndiyo njia ya kuita msaada. Safari zikiwa ndefu au zenye maji, kamera ya pembeni inailinda simu, na hiyo kwangu ni sababu nzito kuliko ubora wa picha.

Swali: Nimeonyeshwa kamera ya picha iliyotumika, inakata kurekodi dakika ya 29. Ni mbovu?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Kamera nyingi za picha ziliwekewa kikomo cha dakika 29 na sekunde 59 kwa sababu ya ushuru wa forodha wa Umoja wa Ulaya, uliozihesabu zinazofika dakika 30 kuwa kamera za video. Wewe kagua mengine: mulika lenzi kwa tochi uone kama ina kuvu, tazama kama betri imevimba, kisha rekodi mfululizo mpaka kikomo hicho. Ikizima mapema kwa joto, iache.

Swali: Kamera ya IP67 naweza kuogelea nayo baharini?

Jibu: Usijaribu. IP67 ni kipimo cha kuzuia vumbi na maji, na kwa maji ni cha mita 1 kwa dakika 30, kwenye maji matulivu yasiyo na chumvi.

Swali: Mimi napiga ndege. Kuna kamkoda imeandikwa inavuta mara 1000, niichukue?

Jibu: Dada, hiyo ni ya kidijitali, kamera inakuza pikseli zilezile na picha inavurugika. Tafuta pameandikwa mvuto wa lenzi ni mara ngapi, ulinganishe kamkoda kwa namba hiyo peke yake. Na ukishavuta mara 20, mkono hautoshi, hivyo tripodi iwe kwenye hesabu tangu mwanzo.